Dokta wa falsafa aliyeandika "inamtosha" kumbe mama wa watu ametolewa: yaliyotokea Nchelenge, ziwa Mweru

Wakuu, heshima zenu. Wadogo zangu na wajukuu, hamjambo.

Juzi nimepita humu nikakuta mnatoana macho kuhusu maprofesa wa falsafa. Mmoja anasema hao watu wanalipwa kwa kuwaza tu. Mwingine anauliza, kwani kuna mtu amewahi kushiba kwa sababu ya "theory of justice"?

Nikacheka peke yangu. Mimi namjua aliyeshiba.

Sikutaka kuandika maana vidole vyangu na hii simu havipatani. Lakini nimeona niweke ninachokijua, na nawaahidi hii siyo chai. Nilikuwepo, na sehemu fulani ya aibu ni yangu.

Twende.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Mimi ni mtu wa Kilwa. Siyo Kilwa yenu ya pwani, tulizeni presha. Kuna Kilwa ya Katanga, kwenye ziwa Mweru, wakati huo nchi inaitwa Zaire. Ng'ambo ya ziwa ndiyo Zambia, mji unaitwa Nchelenge. Nilikuwa navuka na sabuni na vitenge, narudi na samaki mkavu. Umri wangu ishirini na kitu, mdomo wangu ulikuwa mkali kuliko sasa, na nilikuwa mrembo. Anayebisha aje na picha ya bibi yake.

Pale Nchelenge nilikuwa nachukua samaki kwa mzee mmoja tu, Ba Mwape. Hiyo "Ba" ni heshima ya Kibemba, usilitaje jina la mkubwa bila hiyo. Alikuwa na boti moja na nyavu zake, na wavuvi wanne chini yake. Mmoja wao alikuwa Kasongo, mtu wa kwetu Zaire.

Wavu walikuwa wanautega jioni, wanautoa asubuhi. Samaki aliyevuliwa zaidi anaitwa pale, ndiyo perege wa huko.

Sasa sikilizeni walivyokuwa wanagawana, maana kesi yote imekaa hapo.

Samaki wanamwagwa mchangani, wanapangwa mafungu sita. Matano ni ya watu, yaani Ba Mwape na wale wanne. La sita ni fungu la wavu. Ndiyo, wavu ulikuwa na fungu lake, kwa ajili ya uzi mpya na matengenezo, na lilikaa kwa Ba Mwape.

Halafu mtu mmoja anageuza mgongo. Mwingine anagusa fungu lolote na kuuliza, "Ya nani?" Yule aliyegeuka, asiyeona fungu lipi limeguswa, anataja jina. "Ya Kasongo." Basi ni la Kasongo, kubwa dogo atajua mwenyewe. Hakuna ugomvi. Sijawahi kuona watu wakipigana pale.

Ndipo akaja Dokta.

Dokta Elieza alikuwa Mtanzania, anafundisha falsafa chuo kikuu kule Lusaka. Mrefu, miwani mizito, shati limenyooshwa hata katikati ya magamba ya samaki. Alishuka kwenye basi la Mansa na mkoba umejaa karatasi zilizopigwa taipu. Akapewa chumba kwa Ba Mwape, akakaa wiki tatu.

Kwa kuwa Ba Mwape Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, nikawa mimi mkalimani wa Kibemba. Sikulipwa. Nililipwa maneno, na niliyapenda, acheni niseme ukweli.

Kwa sababu yule mtu alikuwa anajua kueleza! Alituambia huko vyuoni duniani kuna ubishi mkali siku hizo. Wanasema hivi: jifanye hujazaliwa. Hujui utakuwa tajiri au maskini, mwanamume au mwanamke, mzima au kilema. Sasa, kabla hujajua, panga sheria za nchi utakayoishi. Utapanga zipi?

 Kasongo akasema, "Lakini sisi tunafanya ile kila asubui."

Dokta alitaka kulia kwa furaha. Aliruka, nasema aliruka kabisa na viatu vyake. Akasema, jamani, maprofesa wanaandika kurasa mia kufikiria mtu asiyejua fungu lake ni lipi, na ninyi mnaye hapa, amegeuza mgongo!

Tangu siku hiyo Ba Mwape akampa heshima ya kutaja majina. Mgeni hana upendeleo, alisema. Basi kila asubuhi Dokta wetu anasimama na uso ziwani, mikono nyuma, anataja: "Ya Ba Mwape. Ya Kasongo. Ya wavu." Anataja kama yuko madhabahuni.

Mimi nilimpenda sana yule mtu. Siyo mapenzi mnayofikiria. Nilipenda kwamba mtu msomi anaweza kuona jambo kubwa kwenye kitu ambacho sisi tulikikanyaga kila siku.

Kulikuwa na mama mmoja pale, Mama Feli. Naye mtu wa kwetu, wa Katanga ndani. Mume wake alikuwa mmoja wa wavuvi wa Ba Mwape. Masika yaliyopita aliugua kifua akafa. Akaachwa na watoto wawili, Feli na mdogo wake.

Kazi ya Mama Feli ilikuwa kushona nyavu. Kila zinapotoka majini zimechanika, ni yeye. Alikuwa na vidole vya ajabu, anashona huku anakutazama usoni. Mume alipokuwa hai hakuna aliyefikiria malipo, fungu la mume lilikuwa lao wote. Mume alipokufa, jina lake likatolewa, akaingia mvuvi mwingine. Mama Feli akaendelea kushona. Akipita baada ya mgawo, mwenye huruma anamtupia samaki wawili watatu. Mwenye hasira siku hiyo hamtupii.

Na shemeji yake, ndugu wa marehemu, alikuwa ameshatuma salamu kutoka Mansa. Mwisho wa mwezi anakuja kuchukua watoto wote wawili, maana mama hawezi kuwalisha. Mama Feli alikuwa hana samaki wa kubadilisha na unga wa mihogo. Angewazuia na nini?

Mimi nilijua yote hayo. Nilinyamaza. Ba Mwape akinikasirikia, samaki napata wapi? Ndiyo hiyo aibu niliyowaambia mwanzoni.

Sasa Dokta alikuwa na hoja yake. Nitaieleza nilivyoielewa, wasomi mtanirekebisha. Wenzake wengi walikuwa wanasema haki ni mafungu yawe sawa. Yeye alisema hapana, usawa wa mafungu siyo mwisho wa habari. Haki ni kila mtu apate kinachomtosha, asiwepo wa kukosa. Alikuwa anaandika makala juu ya hilo, akaisome kwenye semina Lusaka, halafu ipelekwe ng'ambo ichapishwe. Ilikuwa makala ya kumtoa, kama mnavyosema vijana.

Siku moja akamuuliza Kasongo mbele yangu, "Na yule mama anayeshona nyavu, yeye vipi? Hayumo kwenye mafungu?"

Kasongo akajibu bila kuinua kichwa, "Ule mama? Bwana yake alikufa. Tulimutosha."

Dokta akatabasamu, akaandika haraka haraka.

Wakuu wa Bongo na Kenya, ninyi mmesikia nini hapo? Mmesikia alichosikia Dokta: tulimpa cha kumtosha.

Wa Lubumbashi, wa Goma, wa Bukavu, ninyi mmeshashika kichwa. Kwetu kutosha ni kutoa, kuondoa. Tosha kiatu, vua kiatu. Tosha mutu, mwondoe. Kasongo alisema, tulimwondoa.

Na mimi pale katikati niliitikia kwa kichwa. Niliona Dokta anatabasamu, nikashangaa kidogo, nikasema moyoni labda wasomi hutabasamu hivyo wakisikia mabaya. Kiswahili chenu nilikuja kukijua baadaye nilipohamia Tunduma.

Basi kwenye karatasi zake yule mama akawa nguzo. Kila asubuhi alikuwa anamwona anatupiwa samaki wawili watatu, akaona ushahidi huo hapo. Watu wa Mweru wanagawa sawasawa, na nje ya mafungu wanahakikisha mjane anatosheka. Makala ikakamilika.

Sasa hapa ndipo ninapomvulia kofia. Angeweza kupanda basi na karatasi zake, nani angejua? Lakini alisema hawezi kwenda kusoma habari za watu mbele ya wageni kabla wenyewe hawajazisikia. Asubuhi ya mwisho, boti imerudi, mafungu sita yameshapangwa mchangani, akaomba kwanza asome. Karatasi ilikuwa Kiingereza, yeye anasoma kimya kisha anasema kwa Kiswahili. Mimi nawageuzia kwa Kibemba.

Watu walifurahi kweli. Ba Mwape alivimba kusikia mgawo wake unafananishwa na mawazo ya maprofesa.

Akafika kwa mjane. "Na mwanamke aliyefiwa na mume, hawamsahau. Humpa kinachomtosha."

Mama Feli alikuwa amekaa pembeni na wavu mapajani. Akasimama.

"Mwalimu. Unasema balinitosha?"

"Ndiyo mama," Dokta akasema kwa upole. "Inakutosha. Nimeandika hapa."

"Eee. Ni kweli, balinitosha. Lakini juu ya nini unafurai?"

Kasongo akaanza kucheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha. Dokta akanitazama mimi. Mimi nikatazama miguu yangu.

Mama Feli akaweka wavu chini. Akaenda kwenye mafungu, akainama, akachukua samaki mmoja mkubwa.

"Angalia, mwalimu. Hii samaki ilikuwa mu fungu. Sasa naitosha." Akamwinua, akamtupa mbali mchangani, nje ya mafungu yote. "Nimeitosha. Iko wapi sasa? Iko mu fungu ya nani?"

Dokta akamwangalia yule samaki.  Niliona uso wake ukibadilika kidogo kidogo, kuanzia kwenye macho.

"Mimi njo hii," Mama Feli akasema, yaani yeye ndiye huyo samaki. "Wavu iko na fungu, wavu haina mutoto. Mimi nashona ile wavu. Batoto yangu banakuja kubeba mwisho ya mwezi. Na weye kila asubui unaita majina, mimi sijasikia yangu."

Wakuu, nimeishi miaka mingi na nimesikia wabunge na wachungaji. Sijasikia hotuba inayoifikia hiyo.

Dokta akatoa kalamu. Akakata ukurasa wa kwanza msalaba mzima, akakata wa pili, wa tatu, wa nne. Mbele ya watu wote. Kazi ya miezi, basi linamsubiri, semina wiki ijayo. Akasema, "Mama, nisamehe. Nimeandika uongo. Wiki tatu nimesimama hapa nataja majina na kujisifu kwamba sioni, na sikuuliza ni nani hatajwi."

Nilimgeuzia Ba Mwape kwa Kibemba.  Yeye akaonyesha mafungu kwa kidevu, tugawe, samaki wanaharibika.

Dokta akageuza mgongo. Mvuvi mmoja akaanza kugusa.

"Ya nani?"

"Ya Kasongo."

Likaenda la pili, la tatu, la nne, la tano. Jina la Ba Mwape limeshatajwa. Limebaki moja, na kila mtu anajua ni la wavu.

"Ya nani?"

"Ya Mama Feli."

Aliyegusa akaondoa mkono kwenye fungu.

"Awe, Dokta," Ba Mwape akasema, yaani hapana kwa Kibemba. Alisema taratibu, kama anayemrekebisha mgeni. "Umesahau wavu."

"Sikusahau, mzee," Dokta akajibu, mgongo bado kwetu.

Hapo nikajua leo tunafukuzwa wote, mimi wa kwanza. Ba Mwape hakuwa mtu wa kuchezewa mbele ya wavuvi wake. Na hakuwa na makosa yote, tusimwonee. Bila uzi mpya hakuna wavu, bila wavu hakuna fungu la mtu yeyote.

Lakini aliyeongea kwanza ni Mama Feli. "Mimi hapana. Sitaki fungu ya kuiba kwa wavu. Leo mwalimu iko hapa, anasema jina yangu. Kesho anapanda bisi. Kesho nani atasema?"

Nilimgeuzia Ba Mwape neno kwa neno. Na safari hii, wakuu, nikaongeza la kwangu. Nikamwita kwa heshima ya Kibemba, nikasema, "Mukwai, ni kweli. Sisi wote tulijua." Ndiyo kitu pekee nilichofanya siku ile ninachoweza kujivunia. Kilinitoka tu.

Ba Mwape akaenda kwenye wavu alioweka chini Mama Feli. Akauinua, akauvuta kwa mikono miwili pale ulipokuwa umechanika jana. Akauvuta kwa nguvu. Haukuachia.

Akaweka chini. Akasema na wavuvi wake, "Vunjeni yote. Fanyeni saba."

Wakavunja. Mafungu sita yakachanganywa, yakapangwa saba. Kila fungu likapungua kidogo, kila mtu aliona limepungua. Mmoja alinung'unika, akatazamwa, akaendelea kupanga. Hata yule samaki wa mchangani aliokotwa akasuuzwa.

Dokta akasogea kwenda kusimama mahali pake. Ba Mwape akamshika mkono.

"Hapana, Dokta. Weye sasa unajua unataka nani apate. Mutu anajua ile hawezi kugeuza mugongo." Akamgeukia mjane. "Mama, simama pale."

Maprofesa mtanisamehe. Kwangu hilo ni jibu kali kuliko yote niliyoyasikia toka kwenye mkoba wa Dokta. Na Dokta mwenyewe ndiye wa kwanza kukubali. Aliitikia kwa kichwa, akarudi nyuma, akakaa chini kwenye mchanga na suruali yake iliyonyooshwa.

Mama Feli akasimama na uso ziwani.

"Ya nani?"

"Ya Ba Mwape."

"Ya nani?"

"Ya wavu."

Wavu ulikuwa wa pili kutajwa. Alitaja Kasongo, akataja wengine watatu. Likabaki fungu moja.

"Ya nani?"

Mvuvi akaligusa tena. 

"Ya nani, mama?"

"Ya Mujinga," akasema.

Nikamwona Dokta anashtuka. Kwenye Kiswahili chake amesikia mama wa watu anajiita mpumbavu mbele ya umati. Kalamu ilikuwa mkononi, kidaftari kiko gotini. Wiki tatu zilizopita angeshaandika.

Akaiweka kalamu chini. Akauliza, "Mama, hilo neno kwenu lina maana gani?"

Mama Feli akageuka. Machozi yanamtoka na anacheka. "Njo jina yangu, mwalimu. Kwetu mutoto akizaliwa na kamba ya kitovu mu shingo, banamuita Mujinga. Mama yangu alinipa."

Miaka yote pale ufukweni hakuna aliyelijua. Mume wake labda. Sisi tulimwita kwa jina la mtoto wake.

Dokta akaokota kalamu, akaliandika, herufi ya kwanza kubwa. Akamwonyesha. Mama hakujua kusoma, lakini alilitazama.

Shemeji alikuja mwisho wa mwezi kama alivyosema. Akakuta samaki wamebanikwa mlangoni na unga ndani. Akala, akalala siku mbili, akarudi Mansa na salamu tu.

Dokta alimwandikia Mujinga barua baadaye, nikamsomea mimi mwenyewe. Alisema kwenye semina wenzake walimshauri amtoe yule mjane kwenye makala, kosa la lugha siyo falsafa, na hoja itakuwa safi zaidi. Akakataa. Akaisoma na kosa lake lote, wakamcheka. Kama ilichapishwa ng'ambo sijui, na sikuwahi kumwona tena. Nimekutana na wasomi wengi baada yake. Wa kukata kazi yake kwa kalamu yake mwenyewe, mbele ya watu wasiojua kusoma, ni huyo mmoja.

Nilichojifunza mimi ni kidogo. Mtu akisema mgawo wetu ni wa haki, sihesabu tena mafungu. Nauliza orodha ya majina nani aliitunga.

Wenye falsafa zenu karibuni, mnirekebishe nilipochapia. Watu wa Katanga, tusaidieni maneno mengine yanayotukosanisha hivi. Wengine wote, nina ombi. Kwenye kikundi chenu, ukoo wenu, kanisa lenu, kuna mtu anashona nyavu na hatajwi. Mwandike hapo chini. Usiandike "dada wa kazi", usiandike "mama fulani".

Kama hulijui jina lake, funga simu kwanza, nenda kamuulize.